Risasi ya Petroli na Risasi ya Nyavu

Kaka yangu alinipigia simu nikiwa Masagati akaniambia mtoto wake wa mwisho, yule wa kike, anaumwa ugonjwa ambao hauna jina. Hakuniambia nirudi. Alisema tu kwamba wamemaliza dawa zote wanazozijua, kisha akaniuliza huku mvua ikoje. Nilimjibu kuhusu mvua, nikakata simu, nikaanza kufunga madumu yangu.

Kule Masagati nilikuwa nauza petroli. Mimi ni mtu wa kuhama, na katika kuhama kwangu kote petroli imenifuata kama mbwa. Nilipomaliza kidato cha nne nilienda kwenye mashamba ya miwa Kidatu, nikawa najaza mafuta kwenye mashine za kumwagilia na pikipiki za wasimamizi. Nikatoka hapo nikazunguka nchi, nikarudi, nikaondoka tena. Mwisho nikapanda treni mpaka Mlimba, nikaendelea juu na madumu mawili nyuma ya pikipiki, nikawa muuzaji wa chupa. Huko juu pampu hakuna. Petroli inakaa kwenye chupa za maji ya kunywa, zimepangwa juu ya meza ya mbao kivulini, na anayenunua ni mwenye pikipiki au mwenye msumeno wa mashine.

Mteja wa kule haamini jicho. Anafungua kizibo, ananusa, anadondosha tone nyuma ya kiganja, anapuliza. Petroli safi inaondoka yote, inaacha ubaridi na ngozi iliyopauka. Iliyochanganywa na mafuta ya taa haiondoki. Inabaki inang'aa kama mtu aliyejipaka losheni. Nilijifunza kukaa kimya mteja anapopuliza mkono, maana neno lolote la muuzaji wakati ule linamfanya aonekane mwongo.

Lakini harufu yenyewe sijawahi kuizoea. Petroli ya utotoni kwangu ilinukia vingine. Baba alikuwa na pikapu kuukuu aliyoinunua kwa watu waliokuwa wanafunga shughuli zao bondeni, na alipotoa mafuta tangini alivuta kwa mpira na mdomo, akatema, akacheka, na mimi nikapewa mpira ninuse. Ilikuwa na utamu fulani mzito. Miaka mingi nimefungua vizibo nikiitafuta harufu ile. Watu wakaniambia petroli ya siku hizi imebadilishwa, imetolewa risasi. Si risasi ya bunduki, ni ile metali laini ya kijivu, inayopindwa kwa vidole. Nilijua hivyo tu, kwamba imetolewa, na nilisikitika kidogo, kama mtu anayesikia duka la zamani limevunjwa.

Nilifika Ifakara masika yakiwa yanaisha. Kaka anakaa nje kidogo ya mji, upande wa mtoni, kwenye mtaa ambao karibu kila nyumba ina nyavu zimetandazwa juu ya uzio. Shemeji alinipokea begi. Mtoto alikuwa amekaa mkekani, miguu imenyooka, ameegemea gunia la pumba.

Nilikuwa nimemwacha ni mtoto wa maneno. Safari iliyopita alinifuata nyuma siku nzima akiniuliza baba mdogo hiki nini, baba mdogo unalala wapi, kwa nini huna mke. Sasa aliniangalia tu. Alikuwa mweupe kwenye kope za chini na midomoni, na mikono imelegea kama nguo iliyopwaya. Mama yake alimwambia aniamkie.

"Shikamoo," akasema, halafu akaangalia ukuta.

Shemeji alinihesabia walipopita. Walipima malaria, hakuna. Wakampa dawa ya minyoo. Bibi mmoja akasema ni mchango wa tumbo, wakamchemshia mizizi. Wakaombewa kanisani. Tumbo lilikuwa linamkaza mpaka anajikunja, na siku nyingine anakaa bila kwenda choo mpaka analia. Chakula hataki. Maneno aliyokuwa nayo yanapungua, alisema, kama mtu anayahamisha moja moja. Kaka alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, akakohoa, akaenda kuangalia nyavu zake.

Niliamua kukaa. Nilipata kazi kwenye kituo cha mafuta Kibaoni, kujaza mafuta magari na bodaboda, na mshahara wangu uingie kwenye nyumba ile. Msimamizi wa kituo alikuwa mama mmoja mkali, aliyepitia mafunzo ya kampuni, na hakuruhusu mtu kushika bomba la pampu bila kujua anachokimimina. Siku zangu za kwanza alinisimamisha mbele ya pampu kama mwanafunzi. Wateja wetu wengi waliamini petroli yenye namba kubwa ina nguvu zaidi. Mwenye gari dogo anafika, anasema nipe kali. Mwenye bodaboda anasema nipe ile ile anayowekewa mwenye prado.

Mama yule alinieleza hivi. Ndani ya injini, mvuke wa petroli unabanwa na pistoni, halafu cheche ya plagi ndiyo inauwasha. Petroli duni haisubiri cheche. Ikibanwa tu inalipuka yenyewe, na injini inagonga kama mtu anayepiga bati kwa ndani. Namba iliyoandikwa kwenye pampu, hiyo wanayoiita oktani, inaonyesha petroli inavumilia kubanwa kiasi gani. Injini inayobana sana inahitaji petroli yenye uvumilivu mkubwa. Injini ya bodaboda haibani hivyo, kwa hiyo ukiiwekea namba kubwa haipati kitu. Ni sawa na kumpa mtu mfupi kitanda kirefu.

"Na risasi?" nikamuuliza. "Ile ya zamani."

Akaniambia zamani risasi ndiyo ilikuwa njia rahisi ya kupandisha namba. Kiwandani walichanganya kimiminika chenye risasi kwenye petroli, kidogo tu, na petroli duni ikawa mvumilivu. Pia ile risasi ilipoungua iliacha utando mwembamba kwenye vali, ukazilinda zisilike. Halafu dunia ikaiacha, nchi moja moja, na sisi tukaiacha. Siku hizi namba inapandishwa kwa namna ya kusafisha mafuta na kwa vitu vingine. Nikamuuliza kwa nini waliiacha kama ilikuwa inasaidia. Akaniambia sababu ya moshi, na moshi ule ulikuwa unaingia kwa watoto. Akanitajia na unavyowafanya, kama alivyofundishwa. Nikayashika kama mtu anavyoshika masharti ya kazi. Alasiri nilimaliza zamu, nikanawa mikono kwa omo, nikarudi nyumbani.

Nyumbani kaka alikuwa anayeyusha.

Inabidi nieleze jambo hili kama lilivyokuwa kwetu, yaani kama jambo la kawaida. Wavu wa kutega unahitaji maboya juu na uzito chini. Maboya tunakata ndala zilizochakaa. Uzito tunapata kwenye betri za magari zilizokufa. Unavunja betri kwa shoka, unamwaga maji yake pembeni, unatoa sahani za ndani, unaziweka kwenye karai juu ya mkaa, na mtu anapepea. Moshi unapanda wa njano, una ladha inayokaa kooni. Zikiyeyuka unaondoa uchafu wa juu kwa kijiko kirefu, unamimina kwenye mifereji uliyochora kwenye udongo. Zikipoa unakata vipande, unavipinda kwenye kamba ya chini ya wavu, na unavikaza kwa meno. Baba alifanya hivyo. Babu alifanya hivyo pia tangu magari yalipoanza kuacha betri bondeni. Meno ya mbele ya kaka yana kingo nyeusi kwa kazi hiyo, na wavuvi wa mtaa ule wanatambuana kwa meno.

Watoto wanapenda sana siku ya kuyeyusha. Kuna moto, kuna kitu kinachong'aa kama kioo kinatembea kwenye udongo. Vipande vikipoa wanavikusanya kwenye kopo. Mtoto yule mgonjwa, hata kwenye ugonjwa wake, siku hiyo alisogea.

Niliona yote. Nilisalimia, nikaenda kuoga.

Pikapu ya baba bado ilikuwepo. Kaka aliitumia kubeba samaki, kambale na kitoga, kutoka kambi za wavuvi, na wakati wa mavuno mpunga wa watu. Ilikuwa imeanza kuishiwa nguvu. Kilima kidogo inapumua, moshi unarudi kwa kabureta, asubuhi haiwaki mpaka isukumwe. Fundi alimwambia vali zimelika pamoja na viti vyake, pale zinapokaa, kwa sababu gari lile lilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi na siku hizi hakuna. Fundi yule alisema kweli. Dawa yake ni kupeleka kichwa cha injini kwa watu wenye mashine, huko Morogoro, wakaweke viti vya chuma kigumu. Kaka hakuwa na uwezo huo, hasa na mtoto anaumwa. Na gari lile ndilo lililotegemewa kumpeleka mtoto popote.

Siku moja ya mapumziko, saa za mchana, likagoma kabisa uani. Mafuta hayafiki. Tukaamua kushusha tanki tulisafishe. Shemeji alikuwa amekaa chini ya paa la jiko anapeta mchele, mtoto pembeni yake karibu na wavu mpya. Tulipolegeza mikanda na kuliinamisha, kitu kikalia tangini. Si mchanga. Kulikuwa na mlio mzito, kama mtu anatikisa kibuyu kilichojaa mawe.

Kaka akajifanya anatafuta spana. Tukafungua koki, tukamimina petroli iliyobaki kwenye ndoo, kisha tukalipindua tanki. Vikaanza kutoka vipande vya risasi, vya wavu, vimejaa kutu ya tanki na tope, kimoja kimoja, halafu fungu zima.

Shemeji aliangalia, akaangalia tena. "Kumbe siku hizi unavulia kwenye tanki," akamwambia mumewe. "Ndiyo maana samaki hawaji nyumbani."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kaka naye alicheka, kwa aibu, akijifuta mikono kwenye kaptula.

"Fundi kasema petroli ya sasa haina risasi," akasema. "Nikaona, hiyo si mimi ninayo? Wengine wanatumbukiza dawa ya nondo ya kabatini, wanasema inaongeza nguvu. Mimi nikatumbukiza hii. Utateseka vipi na kitu kimejaa uani kwako?"

"Na ikasaidia?"

"Wiki ya kwanza niliona kama inavuta."

Nilimweleza, na nakiri nilifurahia kueleza. Nilimwambia risasi ya petroli haikuwa vipande. Ilikuwa imetengenezwa kiwandani mpaka ikayeyuka ndani ya mafuta, kama chumvi kwenye mchuzi. Kipande cha wavu hakiyeyuki kwenye petroli hata kikae humo mpaka Yesu arudi. Kinalala chini, kinaziba bomba. Nikamwambia kuhusu namba, kuhusu kugonga kwa injini, kuhusu utando wa kwenye vali. Alisikiliza kwa makini, maana anapenda mashine kuliko anavyopenda samaki. Alipochoka kuonekana mjinga akauliza swali nililouliza mimi.

"Sasa kama ilikuwa inafanya kazi yote hiyo, wakaitolea nini?"

"Sababu ya watoto," nikasema. "Moshi wake. Unaingia kwenye damu ya mtoto na hautoki haraka. Anaishiwa damu. Tumbo linamkaza. Hataki kula. Halafu unapanda kichwani, anakuwa mzito, anapoteza maneno. Ikizidi anapata degedege."

Niliyasema hivyo, mfululizo, kama nilivyofundishwa kituoni, macho yangu yakiwa kwenye tundu la tanki nikichokonoa kwa waya.

Kaka akacheka, sasa akiwa ameshapata pa kunirudishia. "Mdogo wangu, moshi wa gari linalopita barabarani? Acha hizo. Mimi risasi yenyewe nimeichemsha hapa uani tangu baba yuko hai. Nimeikaza kwa haya meno. Watoto wangu wote wamelelewa kwenye jiko hili hili. Ingekuwa na madhara, nyumba hii ingekuwa na mtu?"

Mimi nilikuwa natafuta jibu la utani. Ungo ukaacha kulia.

"Shemeji," mke wa kaka akasema. "Rudia."

"Nirudie nini?"

"Ulivyosema. Anaishiwa damu. Halafu?"

Nikarudia. Kila nilichokitaja alikisema nyuma yangu, taratibu, kama anayekariri katekisimu ya kipaimara. Tumbo linakaza. Hataki kula. Anapoteza maneno. Nilipofika hapo na mimi nilisikia kwa mara ya kwanza ninachokisema. Kaka alikuwa bado ameshika mkanda wa tanki.

Shemeji aliinuka, mchele ukamwagika. Akamfuata mtoto pale kwenye wavu, akapiga magoti mbele yake, akamwambia fungua mdomo, mama. Mtoto akakaza. Akamminya mashavu, akaingiza kidole, akatoa kipande cha risasi, kimelainika pembeni, kina alama za meno ya mtoto. Alikuwa nacho shavuni kama pipi. Alikuwa akikaza wavu, kama baba yake.

"Kila siku?" mama yake akamuuliza. "Unaweka kila siku?"

Mtoto alinyoosha mkono arudishiwe.

Kesho yake asubuhi tulikuwa hospitali. Kwa miezi yote ile madaktari waliuliza maswali yao, na kaka na shemeji wakajibu walichoulizwa. Mtoto anaharisha, hapana. Ana homa, hapana. Hakuna mzazi ambaye angefikiri kusema, na pia baba yake huwa anatengeneza nyavu. Safari hii shemeji alisema hilo kabla hajaulizwa kitu, akaweka kile kipande juu ya meza ya daktari kwenye kitambaa. Daktari, kijana mpole mwenye miwani, alikiangalia muda mrefu. Akaangalia fizi za mtoto. Akamwangalia kaka mdomoni pia, na kaka akafunga mdomo.

Damu ilichukuliwa, ikabidi isafirishwe Dar es Salaam, kwa sababu kipimo chake hakikupatikana karibu. Tulisubiri. Katika kusubiri huko, mchana mmoja, mtoto alianguka uani akakakamaa, macho yakageuka, povu likatoka. Kaka alimkimbiza mikononi mpaka barabarani, kwa sababu pikapu ilikuwa haina tanki. Bodaboda aliyetokea alikuwa mteja wangu wa Kibaoni. Aliwabeba, na mimi nikabaki katikati ya barabara na kiatu kimoja cha mtoto.

Hakufa. Alilazwa, degedege likatulizwa, na majibu yakatoka akiwa bado wodini. Daktari alituita sisi watatu. Alisema damu yake imejaa risasi kuliko inavyovumilika. Ipo dawa ya kuiondoa, ila ni ya kuagizwa kutoka mbali, atajaribu. Lakini dawa ya kwanza, akasema, ni kumtoa pale alipo, na asirudi. Ale vizuri, anywe maziwa, apate madini ya chuma.

Kaka alikuwa amekaa mikono katikati ya magoti. "Itatoka?" akauliza. "Yote?"

Daktari alivua miwani. Akaeleza kwamba mwili unaidhani ni ile chokaa inayojenga mifupa, kwa hiyo unaiweka akiba mifupani, na inatoka humo polepole kwa miaka. Iliyo kwenye damu itapungua. Kuhusu kichwa, kile kilichokwisha kuharibika hawezi kuahidi kitarudi.

"Kwenye petroli waliitoa," kaka akasema. Sijui alitaka nini kwa kusema hivyo. Labda alitaka tu kuonyesha kwamba jambo linawezekana.

"Kule waliacha kuiweka," daktari akasema.

Tulirudi nyumbani tukaanza kusafisha. Ni kazi isiyo na mwisho. Udongo wa uani tuliuchimba kwa jembe, mpaka chini ya jiko, tukaubeba kwa magunia, halafu tukashindwa pa kuupeleka. Ukiumwaga mtoni unarudi na samaki. Ukiumwaga shambani unarudi na mpunga. Muuza vyuma chakavu alikuja akasema atazichukua betri zote, na kaka alikuwa karibu kukubali mpaka alipomuuliza anazipeleka wapi, akajibiwa kuna wavuvi huko chini wanazihitaji. Mwisho tulichimba shimo refu mbali na kisima, nyuma kabisa ya kiwanja, tukafukia, tukarudishia udongo mzuri juu. Hatukuwa na uhakika kama tumefanya vizuri. Kaka aliuliza ofisi ya kijiji, wakamwambia wataulizia.

Karai alilipasua kwa shoka. Nyavu zake alizitoa uzito wote, akafunga vipande vya udongo wa kuchoma, anavitengeneza mwenyewe kama vitumbua, na tundu katikati. Ni vyepesi. Maji yakiwa na kasi yanainua wavu na samaki wanapita chini. Wenzake kambini walimcheka, wakamwita fundi matofali. Alivumilia. Lakini alipojaribu kuwaambia habari ya risasi, walimwonyesha watoto wao wakikimbia na mipira ya makaratasi, wazima, wakamuuliza kama mchawi wake anaitwa risasi kwa nini anachagua nyumba moja. Na mimi, niliyekwenda naye na maelezo yangu ya petroli, niliulizwa kama siku hizi kituo cha mafuta kinatoa na udaktari. Nyumba ya pili kutoka kwetu waliyeyusha juma lile lile. Tulikuwa uani, upepo ukageuka, tukaisikia ladha kooni.

Shemeji alikunja nguo za mtoto. Mama yake mzazi anakaa Kiberege, barabarani, wanalima mahindi na mpunga, wako mbali na mto. Aliondoka siku hiyo hiyo na mtoto, na ndugu zake wakubwa wawili wakafuata shule zilipofungwa. Alimwambia mumewe kwamba atarudi siku mtaa mzima utakapoacha.

Pikapu imebaki bila tanki, imekaa juu ya matofali. Mimi nimekaa Kibaoni muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa mahali popote nikiwa mtu mzima. Bado nafungua vizibo vya matangi siku nzima, bado nanusa, lakini ile harufu ya zamani siitafuti.

Kaka huenda Kiberege akiwa hana zamu ya mto, na mara nyingine tunakwenda wote. Shemeji alimwekea sharti. Hafiki na nguo za kazi. Anaposhuka kwenye gari anapita nyuma ya nyumba ya mama mkwe, kuna kisima, anaoga, anasugua kucha, anavaa shati lililowekwa pale kwa ajili yake, ndipo anaingia. Mama mkwe akimwona anageuka pembeni kwa heshima mpaka amalize. Sijamsikia kaka akilalamika. Anasugua kuliko anavyotakiwa.

Mtoto amenenepa. Tumbo limeacha. Anakimbia, anacheza na watoto wa jirani, anakula ugali mpaka bibi yake anacheka. Kwa mtu anayepita barabarani ni mtoto mzima. Darasa la kwanza amelirudia, na mwalimu amemwambia mama yake kwa upole kwamba wampe muda.

Safari ya mwisho tulikaa mpaka jioni ilipokaribia, tukaaga. Mtoto alimshika baba yake mkono tukaenda naye mpaka kituoni, kusubiri gari la Ifakara.

"Baba, unaenda wapi?" akamuuliza.

"Naenda mtoni, mama. Kuvua."

Akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Akaangalia malori yanavyopita na mbao. Kidogo akamvuta tena mkono.

"Baba, unaenda wapi?"

"Naenda mtoni, mama. Kuvua."

Shemeji alikuwa amesimama hatua chache nyuma, amejifunga khanga, anaangalia upande wa mahindi. Gari lilichelewa. Mtoto aliuliza tena, na tena, kila mara kwa uso ule ule wa mtu anayetaka sana kujua, na kaka aliinama kila mara, akamwangalia machoni, akamjibu kama ndiyo kwanza ameulizwa.